Ukitaka mtu aipende Abbott Elementary, anza na zulia

Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga. Janine Teagues naye anafundisha darasa la pili, katika shule ya Willard R. Abbott, Philadelphia, Marekani, na humpati nje ya Abbott Elementary, tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Tangu nimfahamu nimekuwa nikiwakaribisha watu sebuleni kwangu niwaonyeshe: walimu wenzangu, dada yangu, mama mkwe, hadi shemeji ambaye kwake picha isiyo na bunduki si picha. Wengi huondoka wakiuliza tunaendelea lini. Utaratibu ninaofuata nauandika hapa kwa yeyote mwenye ndugu au rafiki anayesema vichekesho vya Kimarekani havimwingii.

Usimwambie kwamba inachekesha

Ukimwita mtu kwa kumwambia "njoo ucheke", anakuja kukupima. Anakaa akisubiri achekeshwe, na kwa kuwa sehemu moja ina dakika 21 au 22 tu, inaisha bado anasubiri. Mwambie badala yake: "Ni habari za walimu wa shule isiyo na hela." Basi. Kila mtu amepita darasani, na kila mtu ana mwalimu mmoja asiyemsahau, kwa wema au kwa fimbo. Atakuja na huyo mwalimu wake kichwani, na ndivyo unavyotaka.

Tuzo nazo ziweke kando kwanza. Zipo nyingi. Septemba 2022 Sheryl Lee Ralph, anayeigiza Mwalimu Barbara Howard, alichukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi wa kike wa vichekesho, na kupokea kwa wimbo, na kabla yake mwanamke mweusi wa mwisho kushinda tuzo hiyo alikuwa Jackée Harry, mwaka 1987. Usiku huohuo Quinta Brunson alichukua Emmy ya uandishi. Lakini mtu ukimwanzia na tuzo anavaa joho la hakimu. Ngoja aipende, kisha umwambie, naye atafurahi kama vile ameshinda yeye.

Jambo ninalotanguliza mimi ni hili: Brunson, huyohuyo anayeigiza Janine, ndiye aliyeibuni tamthilia, na mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea kwa miaka kama 40. Jina la shule amelitoa kwa mwalimu wake wa darasa la sita, Joyce Abbott. Na tamthilia ilipokuwa inaanza kuoneshwa kwenye televisheni ya ABC, Desemba 2021, aliomba sehemu ya fedha za matangazo itumike kuwanunulia walimu vifaa vya darasani. Ukilijua hilo, unaitazama ukijua aliyeiandika ni mtoto wa mwalimu, na unaona tofauti. Mtu aliyekulia nje ya shule angeandika watoto watundu na walimu wakali. Brunson ameandika jinsi mwalimu anavyotembea korido akiwa amebeba vitu vinne na bado anamnyooshea mtoto kola.

Na kama mgeni wako ni wa rika lililokua likimtazama yule kijana wa Everybody Hates Chris, mwambie kwamba Chris amekuwa mwalimu. Ni Tyler James Williams, anaigiza Gregory Eddie. Mdogo wangu alikuja kwa sababu hiyo tu.

Anza na sehemu ya kwanza, na usiondoe jicho kwenye zulia

Wapo wanaoshauri kwamba tamthilia za kuchekesha uzianze katikati, zikishakomaa. Kuna ambazo ni kweli. Hii ianze mwanzo kabisa, kwa sababu kila kitu kimo humo.

Mtoto amekojolea zulia la darasa la Janine. Anahitaji jipya. Kwa watoto wa umri ule zulia si pambo: ndipo wanapokaa kusikiliza hadithi, ndipo wanapojilaza wakichoka. Anamwomba mwalimu mkuu, Ava Coleman. Hela inapatikana, halafu Ava anaitumia kutengeneza bango jipya la nje ya shule lenye picha yake mwenyewe. Janine anaandika malalamiko kwenda ngazi za juu, na malalamiko yanamrudia Ava yuleyule. Hadi hapo mgeni wako ameshakasirika, hasa akiwa mtumishi wa umma.

Sasa mwangalie Barbara. Ni mwalimu wa chekechea, mtu mzima, mcha Mungu, amejipanga kuanzia nywele hadi viatu. Ameona mengi, na amejifunza kutosubiri kitu kutoka kwa mtu yeyote. Anamwona Janine kuwa ni mtoto anayejichosha. Lakini kuna mahali anaona kwamba huyu binti kweli anawapenda watoto wake, na moyo unamgeuka. Hamkumbatii. Hatoi hotuba. Anakwenda kwa Melissa Schemmenti, mwalimu mwenye asili ya Italia aliyezaliwa na kukulia mji huohuo, ambaye kwa kila shida ana mtu wake mahali fulani. Na mazulia yanafika.

Hapo ndipo tamthilia hii inapowakamata watu. Nimeitazama sehemu ile na watu wengi na kila mara nawaona wanalainika palepale. Heshima ya Barbara kwa Janine imefika ikiwa imekunjwa, mabegani mwa watu. Watu wa kazini ndivyo wanavyopendana. Ni nadra sana mwalimu kumwambia mwenzake "nakuthamini". Anamshikia kipindi mwenzake akiwa na mtoto hospitali. Anampa chaki zake za rangi alizonunua mwenyewe. Tamthilia nyingi za kazini zinasahau hilo, zinawafanya watu wakumbatiane mwishoni kwa muziki wa kinanda, na mtazamaji anahisi anadaiwa machozi. Abbott inakupa kitu unachoweza kukishika.

Kwa hiyo mwulize mgeni wako swali moja tu kila mnapoanza sehemu mpya: leo wamekosa nini? Sehemu ya pili ni taa inayowaka na kuzimika koridoni, ambayo Janine anapanda kuitengeneza mwenyewe, na shule nzima inaingia gizani. Ya tatu ni vifaa vya darasani, na Ava, ambaye kazi nyingine zote hazijui, kumbe anajua sana kutengeneza video ya kuomba watu mtandaoni. Ya nne ni programu mpya ya kusomea kwenye tableti, na anayekosa kitu safari hii ni Barbara: hajui kuitumia, matokeo ya watoto wake yanatoka makubwa kuliko ukweli, sifa zinamiminika, na yeye ameshindwa kusema. Mtu akishika uzi huo wa kinachokosekana, haachi tena. Atakuwa anasubiri kuona nani atakileta na kwa gharama gani.

Nilimkaribisha mwalimu wetu wa taaluma, mzee wa watu, mtu wa azimio la kazi na andalio la somo, asiyependa mzaha. Alikaa amekunja mikono. Bango la Ava lilipofunuliwa alisema, "Huyu angekuwa kwetu, Madamu, tungemwandikia barua." Mazulia yalipofika hakusema kitu. Tuliendelea hadi mwisho, nikawasha taa, ndipo akaanza kunisimulia mwaka ambao darasa la kwanza lilikuwa halina madawati, watoto wanakaa sakafuni, na mama lishe wa pale getini akaja asubuhi na majamvi mawili kutoka kwake. "Hakuna aliyemwomba," alisema. Alilirudia hilo mara kadhaa. Mimi ni mgeni pale ukimlinganisha na yeye, na kisa hicho nilikuwa sijawahi kukisikia.

Mnyamaze, mtazame macho

Humu hakuna vicheko vya kurekodiwa. Zile tamthilia za zamani za studio zilikuwa zinakuonyesha pa kucheka kwa sauti za watu. Hapa pana kisa kingine: ndani ya hadithi kuna watu wa kamera waliokuja kupiga picha za maisha ya shule, na walimu wanajua kwamba wanapigwa picha. Randall Einhorn, aliyeongoza sehemu ya kwanza, alikuwa amefanya kazi hiyohiyo kwenye The Office, tamthilia nyingine ya kazini iliyopigwa kwa mtindo huohuo, na mkono wake unauona: kamera inachungulia mlangoni, inawahi, inachelewa, inamfuata mtu aliyedhani amejificha.

Maana yake ni kwamba nusu ya kichekesho iko kwenye macho. Ava anasema jambo la ajabu kwenye kikao, hakuna anayemjibu, Gregory anageuza uso polepole, anakutazama wewe. Wewe uliyekaa Tanga umegeuzwa shahidi. Mtu akitazamwa hivyo mara kadhaa anaanza kujiona ni mwalimu wa kumi wa shule ile, na mtu hawezi kuchukia mahali ambapo anahesabiwa.

Basi fanya hivi. Simu zikae mezani, yako ikiwa ya kwanza, maana anayeinamia simu anasikia maneno tu na maneno hayatoshi. Usiwahi kucheka kabla ya mgeni. Anayechekewa mbele anajikuta anacheka kwa adabu. Usimweleze kichekesho. Akikipita, atakikuta sehemu nyingine, kwa sababu tabia za watu hawa hazibadiliki ovyo: Gregory hapendi vyakula karibu vyote wanavyopenda watu wengine, Barbara anachanganya majina ya mastaa, na Mr. Johnson, mfanya usafi, kila ukimgusa anatoa habari ya kazi nyingine aliyowahi kuifanya duniani.

Na kama Kiingereza cha mgeni ni cha kuunga, usitafsiri juu ya sauti za waigizaji. Mtakosa yote mawili. Simamisha picha mwisho wa tukio, mwambie kilichosemwa kwa sentensi mbili, endelea. Mama mkwe nilimfanyia hivyo, na baada ya muda akawa ananionyesha ishara ya mkono nisisimamishe, ameshaelewa. Tulipokuwa bado mwanzoni alimnyooshea kidole Barbara.

"Huyu ndiye mwalimu mkuu."

"Hapana mama, mwalimu mkuu ni yule mwenye kucha ndefu."

"Basi wamekosea kuteua, mwanangu."

Hakuwa amesikia neno hata moja la Barbara wakati huo. Alikuwa amemwona anavyosimama mbele ya watoto.

Akikulalamikia Ava, usimzuie

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama, na wana haki. Ava Coleman hakustahili ile kazi. Alimfumania mkuu wa elimu wa wilaya kwenye jambo la aibu, akalitumia kupata cheo, na Gregory, ambaye alikuwa amesomea uongozi na kukitarajia cheo hichohicho, akaishia kuwa mwalimu wa muda wa darasa la kwanza. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia, "Madamu, mimi bosi kama huyo nimeishi naye, siwezi kumcheka." Sikumbishia. Wapo watu waliowahi kupoteza likizo, uhamisho, hata afya, kwa sababu ya mtu kama Ava.

Mtu wa namna hiyo mwombe avumilie hadi sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, ile ya ngoma ya kukanyaga. Ava na Janine wanafundisha watoto pamoja baada ya masomo. Ava hatokei mazoezini. Janine anahitimisha kile ambacho sote tumekwisha kuhitimisha. Kisha tunaonyeshwa nyumbani kwa Ava, na kumbe kuna bibi yake anayemtunza, na msaidizi siku hiyo hakufika. Tamthilia haimsafishi kwa hilo. Kesho yake bado ni mvivu, bado anajipenda. Ila sasa unajua kwamba mtu huyu akiamua kumjali mtu, anajua namna.

Napenda sana uamuzi huo wa waandishi. Kuna tamthilia zinazomfanya bosi mbaya apendeke kwa kumpa mistari mizuri tu, na wewe unaombwa usahau wanaoumia chini yake. Hapa madhara ya Ava yanabaki kuwa madhara. Zulia lilikosekana kweli. Na wanaomzunguka hawajifanyi vipofu: Barbara anamjibu kwa ukali wa mwanamke wa kanisani, Melissa anamwendea kando, Gregory anatazama kamera. Wamegundua kwamba hawawezi kumwondoa na watoto wako darasani saa mbili asubuhi, kwa hiyo wanafanya kazi. Mtumishi yeyote anaijua hesabu hiyo.

Ukumbuke pia ile sehemu ya tatu niliyoitaja, ya video. Video ya Ava inaleta vifaa, lakini inalionyesha darasa la Barbara kama mahali pa kuhurumiwa, na Barbara anachukia. Watoto wake anawafundisha kujivunia walicho nacho. Mgeni akishamaliza sehemu hiyo msikilize vizuri, kwa sababu kila mtu ana upande. Dada yangu alikuwa upande wa video: "Vitabu vimekuja, hasira za nini?" Mimi niko na Barbara hadi leo, na tumebishana hadi chai ikapoa. Tamthilia inayowaacha watu wawili wanaopendana wakibishana kuhusu heshima ya watoto maskini imefanya kazi yake.

Mapenzi ya Janine na Gregory

Yapo, yanakwenda taratibu, na yatajiuza yenyewe. Usiyataje. Mwanzoni Janine ana mpenzi wake wa tangu shuleni, Tariq, na mgeni atayaona macho ya Gregory kabla ya Gregory mwenyewe kujua yanatazama wapi. Mwache agundue na akupigie simu usiku.

Mwendo

Sehemu mbili kwa jioni moja zinatosha. Tatu ukiombwa. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuichoka sauti ya Janine, ambaye ana matumaini makali kama taa ya chumba cha upasuaji, na anahitaji kuachwa kidogo ili umkumbuke. Msimu wa kwanza una sehemu 13, kwa hiyo ukiwa na wageni wa Jumamosi na Jumapili unaumaliza bila haraka. Sehemu ya mwisho ni safari ya watoto kwenda bustani ya wanyama, na pale Janine anafanya uamuzi kuhusu Tariq na kuhusu kazi yake ambao kila mwalimu kijana aliyewahi kuambiwa "acha hiyo kazi uje mjini" atauelewa. Hiyo itazameni peke yake, msiiunganishe na nyingine.

Msimu wa pili ni mrefu, sehemu 22, na unaingiza jambo la shule za charter, zinazolipiwa na umma lakini kuendeshwa na taasisi binafsi, kutaka kuichukua Abbott. Mgeni asiyejua mfumo wa elimu wa Marekani mweleze mapema kwa kifupi: serikali inalipa, taasisi binafsi inaendesha, na katika tamthilia hii wanafunzi wanaweza kuchujwa. Bila hilo hataelewa kwa nini walimu wanaogopa. Msimu wa tatu unafungua kwa wachezaji wa timu ya Philadelphia Eagles kuja shuleni. Kwetu ambao mpira wa Kimarekani hatuufuatilii, shangwe za walimu zinapita juu kidogo. Mwambie tu kwamba ni sawa na Simba na Yanga kutuma manahodha wao darasani kwako.

Wapo watakaonogewa wakataka kukimbilia misimu ya mbele peke yao, bando likiwepo. Waache. Ila waombe jambo moja: wasiruke ile sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza. Katika msimu wa nne Ava anafukuzwa kazi kwa kubeba lawama ambayo haikuwa yake peke yake, na watu wa shule wanasimama upande wake. Aliyemwona na bibi yake ataamini. Aliyeruka atadhani waandishi wamemwonea huruma.